Mjamzito anaomba kuacha zamu ya alfajiri, nifanyeje?

Wakuu, nina kiwanda kidogo cha mikate hapa Mwanza, tuko watu sita. Dada anayekanda unga ana mimba ya miezi saba na ushee. Zamu yake huanza saa 10 alfajiri, maana bodaboda wa madukani wanabeba mikate saa 12. Jana kaniomba awe anaingia saa 2 asubuhi. Harufu ya hamira inamtapisha, na miguu imevimba hadi anavaa ndala za mumewe. Namwonea huruma, ila saa 2 kazi ya kukanda imeshaisha. Nimpe likizo mapema?

Jibu 1: Mkuu, hilo si ombi. Kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, usiku ni saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, na miezi miwili kabla ya kujifungua haruhusiwi zamu hiyo hata akikubali mwenyewe. Kitakachopungua ni posho ya usiku tu, ile 5%. Mshahara usiuguse.

Jibu 2: Likizo usimharakishie, kaka. Ni siku 84 (pacha 100); akizianza leo atarudi kazini na kichanga. Mpe kufungasha. Na kiti! Mimi nilisimama hadi wiki ya mwisho, naijua hiyo miguu.

Muuliza swali: Asanteni. Atafungasha na kuandika madeni ya maduka. Kukanda atashika mdogo wangu, analalamika tayari. Kiti nimeazima kwa fundi cherehani jirani.