Naomba ushauri: mama ana ugonjwa wa kusahau, nimpeleke kituo cha kulelea wazee?

Habari zenu ndugu zangu. Mama yangu ana miaka 78. Daktari alisema ni Alzheimer, ile aina ya demensia inayowapata wengi zaidi. Mchana ana nafuu, tunapiga stori vizuri tu. Jua likianza kuzama ndipo kasheshe: anavaa viatu, cha kulia mguu wa kushoto, anakamata mkoba na kuniambia, "Dada, nifungulie mlango, mwanangu ananisubiri nyumbani." Huyo mwanawe ni mimi.

Wiki iliyopita alitoka saa nane usiku. Nimebadilisha kitasa, ila usingizi sina tena. Mdogo wangu anasema kumpeleka kituoni ni kumtupa mama. Yeye hajawahi kulala hapa hata usiku mmoja, lakini tuyaache hayo.

Nimetembelea kituo kimoja. Sakafu inang'aa, ila nilipouliza usiku wanabaki wahudumu wangapi kwa wazee wangapi, nikajibiwa "wapo wa kutosha." Wazee wamepangwa mbele ya televisheni, wengi wanasinzia saa nne asubuhi. Nikajiuliza kama hawapewi dawa za kuwatuliza.

Mliopitia hili, mliuliza nini kabla ya kukubali? Mlijuaje kama wahudumu wamefundishwa kukaa na mtu wa hali hii? Na siku ya kumpeleka mlimwambia ukweli, au mlimuagaje? Mliofanikiwa kumtunza mgonjwa nyumbani kwa zamu, nanyi naomba mnieleze mlivyojipanga.