Chupa za kuchotea maji ya bahari: kifaa cha utafiti au plastiki tu?

Mchafukoge_1
Wadau, mzigo wa kituo kimoja cha utafiti umekwama bandarini Dar. Ni kipima chumvi, joto na kina cha bahari, fremu yake yenye chupa 12 za kuchotea maji, winchi na kebo ya kushushia. Ankara inasema ni seti moja. Forodha wamekata vipande, kila kimoja na namba yake ya jedwali la ushuru: kipima 9015, chupa sura ya 39 kwenye plastiki, kebo 8544. Tulitarajia ushuru sifuri, sasa hesabu ni nyingine kabisa. Hii ni sawa?

MzeeWaKadhia
Si sawa kwa chupa. Chupa hizo za kuchotea, za Niskin, ziko wazi juu na chini: kila moja inashuka imeachama, ikifika kina unachotaka inajifunga pande zote mbili. Nani ataiwekea juisi hiyo? Maelezo ya sura ya 90, ya vifaa vya kupimia, namba 2(b), yanasema viambatisho vinavyotumika hasa na kifaa fulani huainishwa pamoja nacho. Hapo unaangukia 9015.90, ya vipuri na viambatisho vya kipima. Sura ya 39 yenyewe inavitoa nje vitu vya sura ya 90. Tatizo mawakala wetu hawasomi, wanabandika namba ya mzigo wa juzi.

KliaVyema
Mzee shikamoo, ila hilo la mawakala hawasomi ulifute. Tunaletewa ankara ya mstari mmoja, "vifaa vya kisayansi, seti 1". Katalogi hakuna, picha hakuna. Ukipiga simu unaambiwa profesa yuko semina. Siku zikienda, tozo za kuhifadhi zikipanda, mwizi ni wakala.

MzeeWaKadhia
Marahaba. Sijataja jina la mtu, mbona unajikuna?

KliaVyema
Najikuna kwa sababu kadhia, yaani tamko la mzigo forodhani, ikikosewa leseni inayotiwa rehani ni yangu, si yako.

ChumviNyingi
Sisi Mombasa ubishi wetu ni wa sona, vifaa vya mwangwi, za kuchora sakafu ya bahari. 9014 ni vifaa vya kuongozea chombo, na maelezo ya Shirika la Forodha Duniani yanaweka sona humo. 9015 inataja oshenografia waziwazi. Sasa mvuvi anatafuta samaki, mtafiti anachora bonde, na wote wawili wanapiga sauti chini na kusikiliza mwangwi. Nani aende wapi?

Nahodha_Mstaafu
Jedwali la ushuru linauliza kitu ni nini na kimeundwa kufanya kazi gani. Haliulizi mnunuzi ni nani. Mnunuzi ni swali la msamaha, na misamaha ina jedwali lake, la tano, kwenye Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya 2004. Mnachanganya mambo mawili. Winchi nayo itazamwe peke yake kwanza: kama imeundwa kwa ajili ya seti hiyo tu, kuna hoja ya mtambo mmoja, maelezo ya 3 ya sura ya 90 yanairuhusu. Kama inaweza kunyanyua chochote, ni 8425, ya winchi za kawaida, na hamna pa kukimbilia.

Mwana_wa_Tanga
Leseni kutiwa rehani! Mawakala mnajua kulia. Mwaka ule wa gari langu mlilia hivyohivyo.

KliaVyema
Gari lako halihusiani na bahari, ndugu.

Msomi_Mchovu
Mbona hakuna aliyetaja Mkataba wa Florence? UNESCO, 1950, vifaa vya sayansi kwa taasisi zilizoidhinishwa havitozwi ushuru, mradi nchi yenyewe haitengenezi vya aina hiyo. Itifaki yake ilipitishwa hapo Nairobi 1976. Tuna kiwanda cha chupa za Niskin hapa?

KliaVyema
Mkataba hauna pa kubofya kwenye mfumo wa forodha, mkuu. Na ushuru ukifutika, VAT ya 18% bado ina maswali yake.

Binti_Unguja
Kwani mzigo unakwenda wapi hasa? Kama ni taasisi ya bahari ya Buyu, huku kwetu VAT ni 15. Na mngeshusha bandarini Malindi, hapa Unguja, moja kwa moja.

Mwana_wa_Tanga
Haya, washaanza. Mkishusha Malindi kisha mkavusha Dar utathaminiwa upya na mtalipa tofauti ya kodi, halafu tutaambiwa bara inawaonea.

Binti_Unguja
Nani kasema kuonewa? Nimeuliza mzigo unakwenda wapi. Ila ukitaka tulisemee, tulisemee. Ushuru wa forodha ni jambo la Muungano, jedwali ni moja, vipi bidhaa ithaminiwe mara mbili ndani ya nchi moja?

Mwana_wa_Tanga
Kwa sababu ya kwanza ilithaminiwa kwa huruma.

Binti_Unguja
Huruma kwenu ni kosa, naona.

ChumviNyingi
Jamani. Mimi nina swali la boya la Argo, kipima bahari kinachojiendesha chenyewe. Linazama hadi mita 2000, kila baada ya siku 10 hivi linapanda juu kutuma data kwa setilaiti, na likishatupwa baharini halirudi. Ukiliingiza kwa muda chini ya dhamana, ili lipakiwe melini likatupwe mbali huko, utafunga dhamana kwa karatasi gani?

Mchafukoge_1
Mzigo unakwenda bara, hauvuki maji. Naomba turudi kwenye chupa.

Binti_Unguja
Tutarudi. Huyu bwana anijibu kwanza: nilivuka na tiivi yangu ya inchi 32, ya nyumbani kwangu, bandarini nikadaiwa risiti kama mfanyabiashara. Hiyo nayo ni huruma?

Mwana_wa_Tanga
Inategemea zilikuwa tiivi ngapi, dada.

Binti_Unguja
Moja! Na imekwaruzwa kioo.

MzeeWaKadhia
Tiivi ni 8528. Hiyo walau haina ubishi.