Mmekula hela ya gari la msaada, halafu mmeniacha Mabira

Wakuu, mtanisamehe kwa uzi mrefu, lakini hili nisipolitoa leo litanipasua.

Jumapili iliyopita nilitoka na kundi moja la baiskeli hapa Kampala, letu sisi waongea Kiswahili: Watanzania, Wakenya, na Waganda wachache. Jina silitaji. Wenyewe wanajijua, na najua wanachungulia humu. Tangazo lao la WhatsApp ninalo mpaka sasa: Kampala hadi Jinja, kilomita 80, kuondoka Lugogo saa kumi na moja na nusu alfajiri, mwendo wa 25 kwa saa, "hatuachi mtu nyuma", mchango shilingi 20,000 kwa ajili ya gari la msaada. Nikalipa. Jumamosi nikasafisha mnyororo, nikajaza tairi upepo, nikalala saa tatu kama mtoto anayesubiri Idi.

Hadi Mukono, safi kabisa. Mistari miwili, watu wanapiga stori. Tulipoipita tu Mukono, jamaa wawili wenye baiskeli za kaboni wakashika mbele. Hawa tangu mashindano ya dunia ya baiskeli yafanyike Kigali mwaka 2025 wanajiona wamebakiza kuitwa timu ya taifa tu. Naangalia kisoma mwendo: 34. 36. Mteremko mmoja 45. Hiyo 25 ya kwenye tangazo ilikuwa ya nani?

Ukimganda mtu nyuma, upepo anaukata yeye, kwa hiyo unaweza kwenda mwendo ambao peke yako usingeuweza hata kwa dawa. Ila barabara huioni. Unaona tairi la mwenzako na makalio yake, basi. Ndiyo maana wa mbele akiona shimo ananyoosha mkono au anapiga kelele, na kila mtu anapitisha kwa aliye nyuma yake. Hata mtoto wa shule akibebwa kwenye boda anajua kusema "shimo!"

Tukaipita Lugazi na matrekta yake ya miwa, tukaingia msitu wa Mabira. Aliye mbele yangu akakwepa ghafla, kimya, hata kidole hakuinua. Shimo nikalipokea mimi. Nikaangukia kulia, yaani katikati ya barabara, na nyuma yangu trela linakuja na honi imeshikiliwa. Dereva yule, Mungu ampe maisha marefu, alinikwepa. Hapa ninavyoandika bado naisikia ile honi.

Nikainuka na kiwiko changu kilichochubuka, nikawakimbiza. Hapo kosa ni langu, nakiri: sikukagua hanga. Kwa asiyeijua, hanga ni kijichuma kinachoshikilia kibadilisha gia cha nyuma kwenye fremu. Kimefanywa laini makusudi, kipinde au kikatike chenyewe ili fremu ipone. Ukiangukia upande wa mnyororo kinapinda kwa ndani, na kwa macho hutambui haraka. Kilima cha kwanza nikaweka gia nyepesi kuliko zote, kibadilisha gia kikaingia kwenye spoku. Kraa! Spoku mbili zimepinda, hanga vipande viwili, mnyororo unaning'inia kama utumbo.

Nikaita. Wa mwisho kwenye kundi akageuka, tukatazamana macho kwa macho, akaendelea kukanyaga.

Na gari la msaada? Lilikuwa MBELE, buti wazi, linawapiga video! Kiongozi nampigia, simu inaita mpaka inakata.

Na hata gari lenyewe halikuhitajika. Unachomoa pini ya mnyororo, unatoa kibadilisha gia, unaufupisha mnyororo na kuufunga kwenye gia moja ya katikati, unaenda zako polepole. Robo saa. Kifaa cha kuchomolea pini mimi sikuwa nacho. Nilibeba tyubu, pampu na vyuma vya kutolea tairi. Kiongozi anacho. Ijumaa ile ile alikirushia picha kwenye kundi akitufundisha vitu vya kubeba!

Viatu vyangu vina chuma chini, havitembeleki kwenye lami, nikavivua. Nimesukuma baiskeli kwa soksi hadi Najjembe, malori yananipuliza. Nyabo mmoja, yaani mama, muuza gonja, zile ndizi za kuchoma, alinipa maji ya kunawa damu kabla hajajua kama nanunua. Nikala gonja na kuku wa kijiti nimekaa chini kando ya baiskeli, huku kwenye simu picha za wenzangu na mto Nile zinamiminika. "Kikosi kimekamilika," ameandika kiongozi. Kimekamilika!

Boda hadi Lugazi 10,000. Taksi, yaani daladala za huku, hadi Kampala, konda kaihesabu baiskeli abiria wawili. Sikubishana, yeye angalau alinipakia.

Jioni nikauliza kwenye kundi, kwa adabu kabisa. Nikajibiwa: "Mzee, nunua baiskeli ya maana." Kwa sababu yangu ni alumini, tena mtumba. Ndugu yangu, hata hizo kaboni zenu nyingi zina hanga ya alumini ile ile, nayo shimo la Mabira halitaiuliza bei. Kabla sijamaliza kuandika hayo, nikatolewa kwenye kundi.

Sasa mwenye kujua wapi Kampala nitapata hanga anisaidie. Kila fremu na umbo lake, maduka mawili yamenigeuzia mgongo. Fundi wa Katwe amepokea vile vipande viwili, kaviunganisha kwa vidole, kavitazama sana, kasema nirudi Alhamisi atanichongea.

Na wewe kiongozi, 20,000 yangu naitaka. Namba unayo, ndiyo ile uliyoiacha iite.