Gari nyeusi ina mikwaruzo ya duara, fundi kapiga mashine pamba ikatoka nyeusi. Nimwache aendelee?

Mangi_wa_Rau

Wakuu heshima zenu. Nina Mark X nyeusi, nipo Moshi. Ikiwa kivulini inapendeza mno, ila ikikaa juani boneti nzima inatoa mikwaruzo midogo midogo inayozunguka lile doa la mwanga kama utando wa buibui. Usiku chini ya taa za kituo cha mafuta ndiyo aibu kabisa. Ukipitisha kucha haikwami popote.

Nimeipeleka kwa fundi. Kachukua grenda yenye pamba ya kondoo, kapaka kompaundi, ile dawa kali ya kusugulia rangi, kwenye kona ya buti, kazungusha kidogo tu, pamba ikawa nyeusi tii. Nikamsimamisha. Yeye anasema ni kawaida, mimi naona ananimalizia rangi. Nani yuko sahihi hapo? Na hii kitu inatoka kweli au nijipange kupiga rangi upya?

Shem_Kibosho

Rangi upya ya nini mkuu? Chukua dawa ya meno nyeupe, tambara safi, sugua taratibu kisha suuza. Mimi taa zangu za mbele ziling'aa zikawa kama za dukani.

RangiNjiro

Shem, taa ni plastiki, boneti ni habari nyingine. Dawa ya meno ina chembe za kusugulia, ni kweli, lakini huna udhibiti wa ukali wake. Kwenye nyeusi utatoa mikwaruzo mikubwa uache ukungu wa midogo, kisha uje kwangu na kazi mbili badala ya moja.

Mangi, kabla sijakujibu nani yuko sahihi, fungua boneti au mlango wa dereva utafute kibati chenye namba ya chesisi. Kuna sehemu ya namba ya rangi. Niambie imeandikwa ngapi.

Mangi_wa_Rau

Nimeona. 202.

RangiNjiro

Basi fundi wako hajakudanganya kuhusu pamba, ingawa silaha aliyochukua siipendi.

Rangi ya gari nyingi za kisasa ina tabaka la rangi yenyewe, halafu juu yake klia, yaani tabaka angavu la kuilinda. Mikwaruzo unayoiona inakaa kwenye klia, na unapopiga polishi unapunguza klia, kwa hiyo pedi inatoka nyeupe au na rangi ya kompaundi. Lakini 202 ya Toyota, kwenye gari nyingi za Japani zilizoingia huku, ni nyeusi tupu isiyo na klia juu. Ukiisugua lazima itoe weusi. Ile 209, nyeusi yenye chembe za kung'aa kwa mbali, hiyo ina klia, na pedi ikitoka nyeusi hapo ujue umeshatoboa.

Kuna kitu kingine: gari ya mtumba huwezi kujua ilipigwa rangi mara ngapi kabla ya kukufikia. Kama mlango umerudiwa na fundi wa mtaani, huenda una klia hata kama kibati kinasema 202. Ndiyo maana mimi huanza kila paneli kwa mkono, kitambaa cheupe na tone la polishi, pahali pasipoonekana.

Sasa kutoa. Inatoka, na huhitaji rangi upya. Kucha isipokwama maana yake mkwaruzo uko juu juu. Ila elewa hesabu: rangi ya kiwandani yote, kuanzia praima (rangi ya msingi ya chini kabisa) hadi juu, mara nyingi ni kama maikroni 100 hadi 150 (maikroni elfu moja ni milimita moja), na kwenye gari zenye klia, klia peke yake ni karibu 40 au 50. Kila ukipiga polishi unakula kidogo, na haioti tena. Kwa hiyo mteja akiniambia anataka asione hata mkwaruzo mmoja, namwambia hapana. Tutatoa ile inayokera macho, ile michache ya ndani tuiache na rangi yake chini. Wengine wanaondoka wamenuna.

Grenda inazunguka mahali pamoja, joto linajikusanya, na ikiwa na pamba mkononi mwa mtu mwenye haraka inaunguza kingo na kuacha mawimbi yanayoonekana jua la saa kumi. Sisemi haifai kabisa, wapo wazee wanaiweza. Kwa nyeusi laini kama yako nataka mashine inayozunguka huku ikiyumba, tunaiita DA, na pedi ya sponji laini. Polishi laini kwanza, ikishindwa ndiyo upande ukali. Watu wengi wanaanza na kompaundi kali kwa sababu inatoa matokeo upesi, kisha wanahangaika kuondoa ukungu wake.

Eneo la kufanyia kazi lisizidi nusu mita kwa nusu mita. Matone manne ya polishi yanatosha, mkono uende polepole kuliko unavyodhani, mstari kwa mstari, kisha ukate msalaba. Mikunjo ya boneti na kingo za milango zifunikwe kwa utepe wa karatasi wenye gundi (masking tape), maana hapo rangi ni nyembamba. Na kivulini! Boneti yenye joto inakausha polishi kabla haijafanya kazi.

Ukimaliza kipande cha kwanza, futa kwa spiriti iliyochanganywa na maji, umulike kwa tochi ya simu. Polishi nyingi zina mafuta yanayojaza mikwaruzo, inang'aa siku ya kulipa, mvua ya kwanza ikinyesha inarudi yote. Fundi asiyekubali kufuta kwa spiriti mbele yako, chukua ufunguo wako.

Forester_Sakina

Kaka RangiNjiro samahani kudandia. Wengine wanasema upige seramiki, ile dawa ya kupaka juu ya rangi kuilinda, na habari inaisha. Naambiwa hata vumbi haligusi.

RangiNjiro

Dada yangu, seramiki ikipakwa juu ya mikwaruzo inaifungia ndani, na ni tabaka jembamba mno. Inasaidia maji kuteleza na gari kuosheka kirahisi, hiyo sina ubishi. Lakini mtu akija na dodoki lililoanguka chini, mchanga hauulizi kama umelipia seramiki.

Hapa ndipo ninapogombana na wateja. Mikwaruzo hii haitoki hewani, inaletwa na kuosha na kufuta. Udongo wetu unatokana na volkano, kiangazi hiki cha Juni hadi Oktoba vumbi linakaa juu ya gari likiwa na chembe ngumu. Halafu asubuhi dereva wa ofisi anatoka na ile fagio ya nyuzi, anafuta gari kavu mpaka inang'aa, bosi anafurahi. Huyo ndiye anayeniletea kazi, na namshukuru, ila gari inaumia.

Osha hivi: maji ya presha kwanza, bila kugusa, mpaka vumbi litoke. Ndoo moja ya shampuu ya magari, ndoo nyingine ya maji matupu ya kusuuzia glavu kila baada ya paneli. Anza paa, shuka chini. Rimu zina kitambaa chake na kisivuke kwenye bodi. Sabuni ya unga ya nguo achana nayo, inaondoa nta yote. Kukausha, taulo nene ya maikrofaiba, iweke juu ya maji ibebe, usiiburute. Kama unapeleka kuoshwa, beba glavu na taulo zako mwenyewe. Vijana watakucheka siku ya kwanza.

Na kofia ya gari, ile ya turubai, usiifunike gari yenye vumbi. Upepo ukiichezesha usiku kucha ni msasa.

Mangi_wa_Rau

Nimeelewa mkuu, asante sana. Kwa hiyo ile kona ya buti imeharibika? Na fundi wangu nimwache amalizie?

RangiNjiro

Piga picha ya kona ukiwa umemulika tochi kwa pembeni. Kama unaona mawimbi tu, DA na sponji itayatoa. Kama unaona rangi ya kijivu au ya praima, hapo ni kupiga rangi paneli, hakuna polishi itakayokusaidia.

Fundi wako mwambie abadilishe pamba kwa sponji laini, aanze na polishi nyepesi kwenye kipande kimoja cha boneti. Akikubali, na spiriti akakubali, mwache aendelee. Akimaliza paka nta siku hiyo hiyo na uirudie kila baada ya miezi michache, maana 202 ikikosa klia juu inapauka na jua.

Akikataa, panda nayo Arusha. Ila usiioshe kabla ya safari na usiifute njiani, niletee na vumbi lake lote.

Shem_Kibosho

Dawa ya meno nimeirudisha bafuni.