Hivi mtu ambaye hajawahi kulipa hata mshahara mmoja anamshauri nani kuhusu startapu, yaani kampuni changa?

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, nikipitiliza mnivumilie.

Mimi na mwenzangu tuliacha kazi tukaanzisha kampuni ya programu ya kusimamia stoo. Tukaingia kwenye mafunzo ya startapu ya miezi mitatu, tukapangiwa mshauri. Kijana wa miaka 23, mchangamfu, ana adabu zake, anajieleza kuliko mimi. Hajawahi kuajiri. Hajawahi kuuza kitu kikalipiwa. Hayo niliyajua baadaye, maana siku ya utambulisho aliitwa "mtaalamu wa ukuaji" na sisi tukapiga makofi.

Shida yetu ya kwanza nilimweleza kinagaubaga: wateja wetu ni makampuni, yanalipa siku 60 baada ya kupokea ankara, na wafanyakazi wangu wanataka chao kila mwisho wa mwezi. Nilitaka anisaidie kuziba hilo pengo. Akafungua slaidi. Akasema tusihangaike na mapato kwa sasa, tukimbize idadi ya wateja, hela itakuja yenyewe. "Jilipueni," akasema. Tukajilipua. Tukaongeza watu watatu.

Sasa hesabu ikoje? Kila mteja mpya anakudai kazi leo, mshahara wa anayeifanya ni mwezi huu, malipo yake ni miezi miwili mbele. Ukikua haraka ndivyo unavyokauka haraka. Mwezi wa tano tulikuwa na wateja wengi kuliko wakati wowote, na akaunti haina kitu. Jioni ile fundi wetu wa programu alikuja akakaa pembeni ya meza yangu bila kusema neno. Simu yake inaita, anaiangalia, anaizima. Inaita tena. Alikuwa mwenye nyumba wake. Nilimwambia hela ipo, iko kwenye ankara, akaniuliza, "Sasa bosi, nimpelekee ankara?" Sikuwa na jibu. Hiyo jioni haimo kwenye slaidi za mtu yeyote.

Na la hisa. Kijana alitushauri tugawane nusu kwa nusu, tusaini, tusipoteze muda na mawakili, ati waanzilishi wanaoaminiana hawaandikishani mambo mengi. Aliyewahi kuachwa na mbia asingethubutu kutamka hivyo. Utaratibu unaojulikana ni kwamba hisa za mwanzilishi zinaiva kidogo kidogo, yaani zinakuwa zake kadiri anavyobaki kazini, mara nyingi kwa miaka minne, na anayeondoka kabla ya mwaka kuisha haondoki na kitu. Mwenzangu aliondoka mwezi wa nane, nusu ya kampuni ni yake mpaka leo. Mwekezaji aliyekuwa karibu kusaini aliangalia mgawanyo wa hisa, akaaga.

Nikilalamika naletewa Zuckerberg. Ndiyo, alianzisha Facebook mwaka 2004 akiwa na miaka 19. Steve Jobs naye alikuwa na 21 Apple ilipoanza mwaka 1976. Mbona Mike Markkula hamumtaji? Alikuwa ametoka Intel, kampuni ya chipu za kompyuta, akaingia Apple mwaka 1977 na dola 250,000 na akili ya mtu aliyekwisha kuuza bidhaa. Google nao walimfanya Eric Schmidt mkurugenzi mtendaji mwaka 2001, akiwa na miaka 46. Vijana hao walikuwa na vipaji, sibishi, ila kwenye mambo wasiyoyajua walisimama na watu waliokwisha kuyapitia. Na waliojilipua wakiwa na miaka 19 wakaishia na madeni, hao nani anawaita jukwaani?

Utafiti wa Pierre Azoulay na wenzake, uliochapishwa mwaka 2020, ulipitia rekodi za serikali ya Marekani. Kampuni 1 katika kila 1,000, zile zilizokua kwa kasi zaidi, waanzilishi wake walikuwa na wastani wa miaka 45 walipoanza. Na aliyekwisha kufanya kazi kwenye sekta ileile alikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kufanikiwa.

Msinielewe vibaya, sisemi vijana wanyamaze. Ushauri bora niliopata mwaka ule ulitoka kwa binti wa miaka 19 aliyekuwa kwetu kwa mazoezi ya kazi. Alikaa siku nne na watunza stoo wa mteja mmoja, akarudi akaniambia, "Kaka, wanakwama ukurasa wa tatu, mnawaomba namba ambayo inakaa kwa mhasibu, wao hawana." Tukaufuta ule ukurasa, wakaanza kutumia programu. Alisema alichokiona, akaishia hapo. Hata Theranos, ile kampuni ya Marekani ya vipimo vya damu, kwenye bodi walikuwamo wazee wazito kama Henry Kissinger na George Shultz, lakini miongoni mwa waliofichua kuwa vipimo haviaminiki ni Erika Cheung na Tyler Shultz, vijana waliotoka chuo juzi, kwa sababu wao ndio waliokuwa maabara.

Kwa hiyo hasira yangu kubwa ni kwa waandaaji. Wanahitaji idadi ya vikao vya ushauri ili waandike ripoti kwa wafadhili, wanamchukua kijana anayeongea vizuri, wanampa cheo, wanamkabidhi riziki za watu. Hata yeye wanamwonea. Hakuna aliyemwambia kuwa anaruhusiwa kujibu, "Hili sijawahi kulifanya, ngoja nikutafutie aliyelifanya."

Wiki iliyopita wamenialika tena. Mada ni jinsi ya kusimamia fedha za kampuni changa, mtoa mada ana miaka 22. Nimewaandikia swali moja tu: amewahi kulipa mishahara ya watu wangapi, kwa miezi mingapi? Mpaka naandika hapa hawajajibu.