Maduka ya zamani ya wageni Mjini Unguja: yalianzaje, na daftari lake lasomwaje?

Mkunazini_Ndani

Asalam aleikum wakubwa zangu. Tunatayarisha maonyesho madogo ya maduka ya Darajani, Mkunazini na Hurumzi yaliyokuwa ya Wahindi, Washihiri (Waarabu wa Hadhramaut) na Wamanga (Waarabu wa Oman) kabla ya Mapinduzi ya 1964. Picha zipo. Zipo pia kurasa za daftari la duka moja la Kihindi, mwandiko wa Kigujarati, na juu ya ukurasa pameandikwa 1990. Wenyewe wanasema ni la kabla ya vita vya pili, sasa 1990 imetoka wapi?

Masuala mengine mawili. Mtu aliyeshuka jahazini hana kitu alipataje duka? Na nyumba, tutajuaje kama ilijengwa duka tangu mwanzo au ni nyumba ya watu iliyotobolewa baadaye? Naomba majibu ya kuandikika ukutani. Hadithi za barazani tunazo za kutosha.

Karani wa Kiponda

Waaleikum salaam. Naanza na daftari.

1990 hiyo ni Vikram Samvat, kalenda ya Wahindu wa Gujarat. Mwaka wao wa hesabu hufunguliwa Diwali inapomalizika, Oktoba au Novemba. Toa 57 kwa tarehe za kuanzia hapo mpaka mwisho wa Disemba, toa 56 kwa zilizobaki. Kwa hivyo daftari lenu ni la mwisho wa 1933 kuingia 1934. Wenyewe wamesema kweli. Lingekuwa la Bohora, Mhindi wa Kiislamu, au la Mwarabu mngeweza kukuta 1352, mwaka wa Kiislamu, nao kwa sehemu unaangukia humo humo. Duka moja linaweza kuwa na kalenda mbili: yake ndani ya daftari, na ya Kizungu kwenye risiti za meli na karatasi za serikali. Kila tarehe iandikeni na kalenda yake, msije mkapanga picha kinyumenyume.

Halafu sarafu. Mpaka mwisho wa 1935 hesabu ni rupia. Tarehe 1 Januari 1936 ikaingia shilingi ya Afrika Mashariki, rupia 1 kwa shilingi 1 na senti 50. Mkipata daftari linalovuka mwaka huo mtaona kila deni limepanda nusu kwa mkupuo. Hakuna aliyeongeza bei, ni ubadilishaji tu. Na daftari la kabla ya 1908 lina pesa, 64 kwa rupia. Baadaye ndiyo ikawa senti 100. Mizani ni frasila ya ratili 35. Nafaka ni kwa pishi, na pishi ni vibaba 4.

Angalieni pia ni daftari gani. Rojmel ni la kila siku: kushoto fedha iliyoingia, jama, na kulia iliyotoka, udhar. Khatavahi ndilo la wadeni, kila mtu na ukurasa wake. Ukiwa na rojmel peke yake huwezi kujua nani anadaiwa kiasi gani, na maonyesho mengi hukosea hapo, wanaweka rojmel na kuandika chini yake "daftari la madeni".

Na tafadhali, msilipige pasi! Karatasi za madaftari hayo hazikupigwa mistari. Zilikunjwa, na alama za mikunjo ndizo zinazotenga safu za tarakimu. Ukiinyoosha, tarakimu zinaelea na msomaji hajui ipi ni ya upande gani.

Kuhusu kuanza duka: mgeni wa Kutch au Kathiawar, huko Gujarat, alikuja na kaskazi, baina ya Disemba na Machi, na tangu 1872 palikuwa na meli za kampuni ya British India pia. Alifikia kwa jamaa au mtu wa mji wake. Hakupewa duka. Alilala ghalani, alikula kwa tajiri, alipima, alibeba, aliandika, na mshahara wake mwingi ulibaki kwenye daftari la tajiri kama amana. Baada ya miaka kadhaa amana ile ikawa dhamana yake, akapewa bidhaa kwa mali kauli: anachukua leo, analipa akishauza. Mtaji wake ni jina lake na mtu wa kumsemea.

Lakini tajiri naye alichukua kwa mali kauli kwa muagizaji, na muagizaji kwa Bombay. Riba hamtaiona imeandikwa, imekaa baina ya bei ya taslimu na bei ya mkopo. Tafuteni bidhaa moja, tuseme jora la kitambaa cha marekani au gunia la mchele, siku moja, wanunuzi wawili, bei mbili. Tofauti hiyo ndiyo riba.

FundiChokaa

Mimi nyumba tu.

Duka lililojengwa duka lina uso mwembamba na kina kirefu: duka mbele, stoo nyuma, watu juu. Uso wa chini wote uko wazi baina ya nguzo na umezibwa kwa milango ya mbao ya kukunja, vipande vinne, sita au zaidi. Sio mlango mmoja wa nakshi. Juu mara nyingi pana roshani ya mbao.

Nyumba ya Kiarabu iliyotobolewa ina ukuta mnene wa mawe na chokaa, nusu mita au zaidi, na tundu la duka limekatwa humo. Ingieni ndani mtazame shavu la tundu. Likiwa la awali, mawe ya pembeni yamepangwa. Likikatwa baadaye, mawe yamevunjika na yamefunikwa kwa saruji. Tazameni juu: je, dirisha la ghorofani limekaa katikati ya tundu la chini? Likienda pogo, shaka iwepo. Tazameni baraza ya nje: ikikatika ghafla mbele ya duka kisha ikaendelea kwa jirani, jibu mmelipata.

Boriti za mikoko ni fupi, ndiyo maana vyumba vyetu vina upana wa kiasi cha mita 3. Kama boriti zinakaa juu ya ukuta wa mbele na ukuta huo umetobolewa bila boriti nzuri ya kubeba juu ya tundu, mtaona ufa unapanda mshazari kutoka kwenye kona. Ufa huo nao ni ushahidi. Msikwangue plasta kutafuta zaidi bila ruhusa ya Mamlaka ya Mji Mkongwe.

Na mwenye duka si lazima awe mwenye nyumba. Fremu nyingi ni za wakfu, aliyekaa alikuwa mpangaji.

Pwani ya Malindi

Naomba msiandike "Wahindi" mkanyamaza. Mabohora walishika sana vyuma, mabati, kioo na rangi. Makhoja, wa madhehebu ya Ismailia na ya Ithnaasheri, nguo na vyakula. Masonara wengi ni Wahindu. Wagoa ni suti, mikate, picha na vinywaji ambavyo Muislamu haviuzi: A.C. Gomes mpiga picha alikuwa Mgoa. Washihiri kahawa, uhamali wa bandarini na viduka vya pembeni, Wamanga halua na maduka ya shamba. Ni mazoea tu, hayakuwa sheria, mtakuta Bohora wa nguo. Jina la kwenye kibao lipimeni na matangazo ya *Samachar*, gazeti la Kigujarati la hapa lililoanza 1902, na gazeti la serikali lililoanza 1892. Mirathi na matangazo ya kufilisika yamo humo. Magazeti hayo na nyaraka nyingine ziko Hifadhi ya Nyaraka, Kilimani.

Bi Mtambwe

Nyote mmekaa Mjini. Daftari la Mkunazini lilisimama juu ya karafuu, na karafuu ni Pemba, khasa baada ya kimbunga cha 1872 kuangusha mikarafuu ya Unguja. Mwenye duka wa Wete au Chake alikopesha mchele, kaniki (nguo nyeusi) na fedha za wachumaji miezi kabla ya msimu, na akalipwa kwa karafuu kavu.

Hapo ndipo palipokuwa na bei khiyari. Mfano, tarakimu zangu: mtu anataka rupia 300. Anamuuzia tajiri shamba kwa 300, na hati inampa khiyari ya kulinunua tena kwa bei ile ile ndani ya miaka miwili. Anabaki shambani na analipa ijara, tuseme 45 kwa mwaka. Kwenye karatasi hakuna riba, pana kodi. Muda ukipita hajarudisha, uuzaji umetimia na shamba limekwenda. Karafuu haizai sawa kila mwaka, na zikilowa mvua wakati wa kuanikwa huchacha na kuwa nyeupe, hazipati bei. Miaka miwili inakwisha upesi.

Kwa hivyo hati za kabla na baada ya 1934 zitengeni. Mwaka huo serikali ilizuia ardhi ya Waarabu na Waafrika kuhamia kwa wengine bila idhini, na ikasimamisha madeni. Mwaka 1937 jumuiya ya wakulima wa karafuu, iliyoanzishwa 1927, ikapewa peke yake ununuzi wa kupeleka nje. Wafanyabiashara wa Kihindi wakasusa, India nayo ikasusa karafuu, mpaka maafikiano ya 1938. Mwenye duka wa shamba alipigwa pande zote mbili: mdeni hamlipi, na karafuu hana ruhusa ya kuzisafirisha.

Mkunazini_Ndani

Shukran sana. Basi ukurasa wetu wa 1990 umeangukia mwaka ule ule wa sheria ya ardhi, 1934. Nitajuaje kama ni rojmel au khatavahi, nami Kigujarati sisomi?

Karani wa Kiponda

Hesabu majina. Jina moja juu na tarehe nyingi chini yake, ni khatavahi. Tarehe moja juu na majina mengi chini, ni rojmel. Ikiwa khatavahi, piga picha nyuma ya ukurasa pia, kwani mara nyingi baki ya deni imehamishiwa huko, na mbele utaona mstari umekatwa ukadhani mtu amelipa.