Farasi wadogo wenye vyeti wanauzwa kwa bei ya kutupa mnadani: je, ni busara kuendelea kuzalisha?

Zizi_Dogo aliuliza:

Habari zenu wadau wa ufugaji.

Katika mnada wa farasi wadogo (yaani aina ya farasi ambao hubaki wafupi hata wakikomaa, si watoto wa farasi) niliohudhuria hivi karibuni nilishuhudia jambo ambalo bado linanisumbua. Aliingizwa ulingoni farasi jike mwenye umri wa kuzaa, mwenye umbo zuri na shingo iliyokaa vyema, namba ya mnada ikiwa imebandikwa kiunoni. Cheti chake cha nasaba kilikuwa ndani ya bahasha mezani kwa karani, lakini dalali alitaja rangi na kimo tu, kisha akaanza kunadi. Kwato zake za mbele zilikuwa zimerefuka hadi ncha zimeanza kupinda kuelekea juu, na kila alipogeuzwa alisita kabla ya kuukanyagia mguu wa kulia. Aliuzwa kwa kiasi ambacho hakifikii hata gharama ya nyasi kavu anazokula kwa mwezi mmoja. Baada yake waliingia madume wachanga kadhaa wa zizi lilelile, wote hawajahasiwa, na bei zao zilikuwa za chini zaidi.

Mimi ninafuga majike machache pamoja na dume mmoja aliyesajiliwa, na msimu wa kupandisha unakaribia. Ninaomba maoni yenu. Je, bei hizi zinaonyesha thamani ya wanyama wenyewe, au ni dalili kwamba soko limejaa? Na kama mtu ataamua kuzalisha, afanye nini ili watoto watakaozaliwa kwake wasije wakaishia kwenye ulingo kama ule?

Mzee_Hatamu alijibu:

Ndugu Zizi_Dogo, umefanya vyema kuuliza kabla ya kumpeleka jike kwa dume, kwa sababu uamuzi wenyewe hufanyika pale. Baada ya mtoto kuzaliwa, kinachobaki ni kutafuta namna ya kumhudumia.

Kuhusu swali lako la kwanza, mimi ninaamini kwamba bei ya mnadani haipimi ubora wa farasi bali inapima wingi wa mambo ambayo mnunuzi hayajui. Mtu aliyesimama kando ya ulingo ana dakika moja au mbili tu za kuamua. Hajui kama jike yule anakubali kufungwa kamba na kuinuliwa miguu, kama amewahi kupata shida wakati wa kuzaa, kama ana mimba na ni ya dume yupi, wala kama kule kusita kwake kunatokana na kwato ndefu zinazoweza kurekebishwa taratibu kwa kukatwa vizuri, au ni laminitisi, yaani uvimbe wa tishu za ndani ya ukwato, ambao tayari umeuhamisha mfupa uliomo. Kwa kuwa hajui, analazimika kukadiria lililo baya zaidi, na bei anayotoa inalingana na makadirio hayo. Matokeo yake ni kwamba jike mzima na jike mgonjwa huuzwa kwa bei zinazokaribiana, mfugaji mwangalifu anaona hasara na kuacha kupeleka wanyama wake huko, ulingo unabaki na wale ambao wenyewe walitaka kuwaondoa, na bei inashuka tena.

Pamoja na hayo, soko kweli limejaa, na sababu yake iko katika maumbile ya ufugaji wenyewe. Jike hubeba mimba kwa takriban miezi 11, na mtoto huachishwa kunyonya akiwa na umri wa kati ya miezi 4 na 6, kwa hiyo anayepandisha leo kwa kuvutiwa na bei nzuri atauza baada ya mwaka mmoja na zaidi, wakati mmoja na wengine wote waliovutiwa na bei ileile. Takriban nusu ya watoto huwa madume, ilhali zizi zima linahitaji dume mmoja tu. Kuku wa nyama wakizidi sokoni, baada ya wiki chache wamekwisha. Farasi mdogo anayetunzwa vizuri huishi miaka 25 hadi 30 na wakati mwingine zaidi, na katika miaka yote hiyo anahitaji mtu wa kumtunza.

Nawaomba pia wafugaji wapya wasikitegemee cheti kupita kiasi. Chama cha Farasi Wadogo cha Marekani, AMHA, kilichoanzishwa mwaka 1978, kinataka farasi asizidi kimo cha inchi 34, yaani takriban sentimita 86, kinachopimwa mahali zinapoishia nywele za mwisho za manyoya ya shingo. Daftari jingine la usajili la Marekani, AMHR, lina kundi la pili linalofika inchi 38. Hati hizo zinakuambia wazazi ni nani na kimo ni kipi, na hilo lina faida kubwa, lakini hazikuambii kama meno ya juu na ya chini yanakutana sawasawa, kama pia ya goti la nyuma hukaa mahali pake, au kama tabia yake ni tulivu. Hayo ni lazima mfugaji ayakague mwenyewe, na akikuta kasoro awe tayari kumwondoa mnyama huyo katika uzazi hata kama nasaba yake inavutia.

Tabibu_wa_Mifugo alijibu:

Ninakubaliana na Mzee_Hatamu, na ninaomba kuongeza upande wa afya, ambao kwa farasi hawa ni mzito kuliko wengi wanavyodhani.

Jambo la kwanza ni ubilikimo wa kurithi. Katika jeni inayoitwa ACAN yamegunduliwa mabadiliko manne, yanayoandikwa D1 hadi D4, na farasi mwenye nakala moja tu ya mabadiliko hayo huonekana wa kawaida kabisa na anaweza hata kushinda maonyesho. Ukimpandisha na mwenzake ambaye naye amebeba nakala moja, kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 wa kurithi nakala mbili. Baadhi ya mimba za namna hiyo huharibika, na mtoto anapozaliwa hai mara nyingi huwa na kichwa kikubwa chenye paji lililofura, taya la chini lililochomoza, miguu mifupi iliyopinda na matatizo ya kupumua. Kipimo chake hakina usumbufu: hung'olewa nywele chache pamoja na mizizi yake na kupelekwa maabara. Mbebaji wa jeni hiyo si lazima atupwe, maana anaweza kupandishwa na farasi aliyepimwa na kuonekana hana, lakini kwa kawaida nusu ya watoto wake watakuwa wabebaji pia, hivyo nao wapimwe na mnunuzi aelezwe kwa maandishi. Wenye farasi wa mabaka wapime vilevile jeni ya mabaka ya aina ya frame, kwa sababu mtoto anayepata nakala mbili huzaliwa mweupe huku utumbo wake haufanyi kazi, na hufa ndani ya siku chache.

Jambo la pili ni uzazi wenyewe. Kichwa cha mtoto wa farasi mdogo ni kikubwa kikilinganishwa na nyonga ya mama, kwa hiyo kukwama wakati wa kuzaa hutokea mara nyingi zaidi kuliko kwa farasi wakubwa. Chupa ikishapasuka, mtoto anapaswa kuwa ametoka ndani ya takriban dakika 30. Ukiona kwanza mfuko mwekundu kama mahameli badala ya ngozi nyeupe, ina maana kondo limeachia mapema na mtoto hapati hewa. Mfuko huo upasuliwe papo hapo bila kumsubiri mtu. Hayo yote hudai mtu aliye macho usiku, mara nyingi kwa usiku mwingi mfululizo, na namba ya daktari anayeweza kufika haraka.

Hapa ndipo bei ya chini inapogeuka kuwa mateso ya mnyama. Mfugaji anayejua kwamba mtoto atauzwa kwa kiasi kisichofikia malipo ya kumwita daktari mara moja hushawishika kutomwita, na jike anaachwa ahangaike peke yake hadi asubuhi. Nimeitwa nikiwa nimechelewa kwa sababu hiyohiyo. Ninawaomba sana: kama hesabu zako hazina nafasi ya gharama ya upasuaji wa dharura, usipandishe.

Nitaje pia hatari iliyo katika safari ya mnadani. Farasi wadogo, hasa wanene, wenye mimba au wanaonyonyesha, wakipata msukosuko na kuacha kula, mwili huanza kuyeyusha mafuta yake na kuyamwaga kwenye damu kupita kiasi ambacho ini linaweza kumudu. Mnyama anaweza kufa ndani ya siku chache. Yeyote aliyemnunua farasi mdogo mnadani asipuuze hata mlo mmoja aliokataa.

Mnunuzi_Makini alijibu:

Naomba kutofautiana kidogo na waliotangulia. Mimi nilimpata farasi wangu mnadani, kwa bei ndogo, na hadi leo ni mzima na anapendwa na watoto wote nyumbani. Kama bei ingekuwa ya juu nisingeweza kumpata. Isitoshe, ikiwa wafugaji wenye maadili wote wataacha kuzalisha kwa sababu bei ni mbaya, watakaobaki wakizalisha ni wale wasiojali vipimo wala daktari. Na sioni kwamba bei kubwa inahakikisha matunzo mema, kwa kuwa wapo matajiri wanaochoka na mnyama baada ya msimu mmoja.

Kwato_Nne alijibu:

Ndugu Mnunuzi_Makini, hoja yako ya kwamba wenye maadili wasiuache uwanja ni ya msingi, na sidhani kuna aliyependekeza kila mtu aache. Kinachopendekezwa ni kuzalisha wachache waliopangwa.

Kuhusu unafuu wa bei, kumbuka kwamba kununua ni sehemu ndogo kabisa ya gharama. Kwato hukatwa kila baada ya wiki 6 hadi 8 bila kujali farasi alinunuliwa kwa kiasi gani. Meno hukaguliwa kila mwaka, na kwa hawa wadogo hilo ni la lazima zaidi kwa sababu taya ni dogo lakini meno hayakupungua kwa kiwango hicho, hivyo husongamana. Zipo chanjo na dawa za minyoo. Wewe ulikuwa na uwezo wa kuyabeba hayo yote, lakini bei ya kutupa humvuta pia mtu asiyeweza, na farasi wake baada ya muda mfupi hurudi ulingoni akiwa katika hali mbaya kuliko alivyotoka. Ndiyo maana mimi huwashauri wanunuzi waanze na hesabu ya mwaka mzima wa matunzo, kisha ndipo waangalie bei ya mnyama.

Ni vyema pia kujua kwamba bei zinaposhuka hazishuki kwa wote sawasawa. Machinjio ya mwisho ya farasi nchini Marekani yalifungwa mwaka 2007, na mwaka 2011 ofisi ya ukaguzi ya serikali ya nchi hiyo, GAO, ilikadiria kwamba kufungwa huko kulipunguza bei za farasi wa daraja la chini na la kati kwa asilimia 8 hadi 21, huku farasi wa bei ya juu wakiathirika kidogo sana. Farasi waliendelea kusafirishwa kwenda kuchinjwa Meksiko na Kanada, na wengi wao walipitia minada ya jumla. Kwa hiyo anayezalisha farasi asiye na mafunzo, asiye na vipimo na asiyehasiwa, anamzalisha kwa ajili ya lile daraja ambalo kila mtikisiko wa uchumi huliangukia kwanza.

Zizi_Dogo aliandika tena:

Nawashukuru sana nyote. Nimeamua kwamba majike yangu hawatapandishwa hadi wao na dume wapimwe, na yule atakayeonekana na kasoro ya meno au ya goti atabaki kuwa rafiki wa nyumbani tu. Nimebakiwa na maswali mawili. Ninaye dume mchanga wa mwaka uliopita mwenye umbo la kuvutia, na watu wananiambia nimuuze bila kumhasi kwa sababu atapata bei nzuri zaidi. Je, ni kweli? Na ikitokea mtu analazimika kuuza mnadani, kwa mfano kwa sababu ya ugonjwa au kuhama, kuna namna ya kufanya hivyo kwa kuwajibika?

Mzee_Hatamu alijibu:

Mhasi. Umbo la mwaka mmoja halitoshi kuamua, kwa sababu kimo chake cha mwisho utakijua akikaribia miaka 3, na tabia yake halisi itaonekana homoni zikishamkolea. Dume asiyehasiwa huishi maisha ya upweke, akitengwa na wenzake ili asipande ovyo, na mnunuzi wa kawaida anayetaka farasi wa watoto au wa kuvuta kigari hamtaki. Aliyehasiwa, anayeongozwa kwa kamba bila vurugu na kutoa mguu anapoguswa, hupata mwenyewe kwa urahisi zaidi. Daktari ahakikishe kwanza kwamba kokwa zote mbili zimeshuka, maana kwa farasi wadogo mara nyingine huchelewa.

Kuhusu mnada, kama hapana budi, chagua mnada maalumu wa farasi wadogo badala ya ule wa mifugo yote. Kata kwato wiki moja au mbili kabla, ili kama kuna maumivu yawe yamekwisha. Weka bei ya chini kabisa ambayo ukiikosa unarudi naye nyumbani, na uwe tayari kweli kurudi naye. Mwandikie dalali karatasi yenye umri, majibu ya vipimo vya jeni, tarehe ya chanjo na sababu ya kuuza, umwombe aisome yote kwa sauti kabla ya kunadi, kisha muongoze farasi ulingoni wewe mwenyewe ili wanunuzi waone anavyokusikiliza.

Lakini kwa watoto utakaowazalisha, ninashauri usipandishe jike yeyote kabla hujapata mtu aliyekubali kwa maandishi kumchukua mtoto, na kabla hujatenga nafasi yake kwako iwapo mtu huyo atabadili nia. Katika mkataba wa mauzo weka kifungu kinachosema kwamba mnunuzi akishindwa kumtunza, wakati wowote katika maisha ya farasi huyo, wewe ndiye wa kwanza kuelezwa na una haki ya kumrudisha. Mfugaji akikitia sahihi kifungu hicho, idadi ya majike anaoweza kuwapandisha kila mwaka inajipanga yenyewe.